Maswali na Majibu: Saa za Michezo, kutoka Lami ya Nyegezi hadi Maji ya Ukerewe

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka ukingoni mwa Ziwa Victoria, na zote zinahusu kifaa kimoja: saa ya michezo, ile inayodai kujua umbali, mapigo ya moyo, mwinuko, hali ya hewa na hata wingi wa chakula kilichounguzwa mwilini. Inafaa msomaji aelewe mapema kwamba saa hizi hupima mambo machache tu, yaani mawimbi ya redio kutoka angani, mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi, mgandamizo wa hewa na mtikisiko wa mkono. Mengine yote huyakisia kwa hesabu, na matatizo mengi mliyoyaandika yamezaliwa pale kisio lilipoaminiwa kama kipimo.

Mpendwa Mhariri, mimi ni mkimbiaji wa mbio za barabarani na ninaishi Nyegezi. Katika nusu marathoni ya karibuni hapa jijini, saa yangu ilisoma kilomita 21.4 nilipovuka utepe, ilhali ya mwenzangu tuliyekimbia bega kwa bega ilisoma 21.2. Kwa mujibu wa saa yangu nilimaliza kilomita 21.1 zaidi ya dakika moja kabla ya muda ambao waandaaji wamenipa. Je, njia ilipimwa vibaya, na ninaweza kudai muda wangu halali?
*Mkimbiaji, Nyegezi*

Dai hilo usilipeleke, kwa sababu ushahidi wako mwenyewe unakupinga: watu wawili waliopita njia moja kwa pamoja wamepata umbali tofauti, na hapo mwenye kasoro hawezi kuwa barabara.

Nusu marathoni ina urefu wa kilomita 21.0975. Njia iliyopimwa kwa utaratibu unaotambuliwa kimataifa hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kilichofungwa kwenye gurudumu, na mpimaji huendesha kwenye mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji angeweza kuupita, sentimita 30 kutoka ukingo wa kona. Kisha huongezwa mita moja kwa kila mita 1,000, ili njia isije ikawa fupi kwa bahati mbaya. Kwa nusu marathoni nyongeza hiyo ni mita 21 hivi. Wewe nawe hukuupita mstari huo mfupi. Ulipita watu, ukafuata maji upande wa pili wa barabara, ukakata kona kwa nje.

Sehemu iliyobaki ni ya saa. Setilaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa kilomita 20,200 hivi juu yetu, na saa huhitaji kuzisikia angalau nne ili ijue ilipo. Hata ikizisikia vizuri, kila nukta inayoiweka kwenye ramani huweza kukosea kwa mita kadhaa, huku au kule, na nukta hizo zikiunganishwa hutoa mstari unaoyumba, ambao daima ni mrefu kuliko ule ulionyooka. Mwanza ina ugumu wake wa ziada. Mawe makubwa na vilima vilivyosimama kando ya barabara huyarudisha mawimbi, hivyo saa hupokea wimbi lililogonga jiwe kwanza na kudhani setilaiti iko mbali zaidi kuliko ilivyo. Saa zinazopokea masafa mawili ya redio badala ya moja huweza kuligundua wimbi la namna hiyo na kulikataa, na huenda hiyo ndiyo tofauti kati ya saa yako na ya mwenzako.

Unaloweza kufanya ni hili: iunganishe saa na simu asubuhi ya mbio ili ipate taarifa mpya za mahali zilipo setilaiti, isimamishe mahali penye anga wazi dakika chache kabla ya mlio wa kuanzia, kisha zima utaratibu wake wa kujihesabia kilomita na ubonyeze kitufe mwenyewe kila unapopita kibao cha kilomita. Muda wa saa ni sahihi kabisa. Ni umbali wake unaokuharibia mwendo.

Kuhusu uhalali, Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia mjini Tokyo mwezi Septemba 2025, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule wa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na kilichowatenganisha kilikuwa sekunde 0.03 zilizosomwa kwenye picha ya mstari wa kumalizia. Hakuna mkono wa binadamu unaobonyeza kitufe kwa uangalifu wa kiasi hicho. Muda wako ni ule wa waandaaji.

Mhariri, mimi ni mwanafunzi na huogelea ziwani upande wa Malimbe mwisho wa juma. Saa yangu imeandikwa "mita 50", lakini sasa ina ukungu chini ya kioo ingawa sijawahi kuzama zaidi ya mita mbili. Rafiki zangu wanasema ni kwa sababu naruka kutoka juu ya jiwe, na fundi aliyenibadilishia betri mwaka jana anasema saa ni bandia. Pia ramani yake huonyesha nimeogelea nchi kavu.
*Binti wa Malimbe*

Binti, rafiki zako na fundi wako wote wawili wanakupoteza, na fundi ana sababu ya kufanya hivyo.

Maandishi ya "mita 50" humaanisha kwamba saa mpya ilistahimili, katika chumba cha majaribio, mgandamizo sawa na ule wa maji yaliyotulia kwenye kina hicho. Si ruhusa ya kuzamia mita 50. Saa za wapiga mbizi zina kiwango chao cha kimataifa, ambacho huanzia mita 100 na kina majaribio mengi zaidi. Hata hivyo, hofu ya kwamba kuruka majini au kupiga mikono huzidisha mgandamizo mara nyingi ni ya kupuuzwa. Ukiruka kutoka kwenye jiwe lenye urefu wa mita 5, mkono wako hugonga maji kwa kasi ya takribani mita 10 kwa sekunde, na nguvu hiyo ni sawa na kushuka mita 5 tu chini ya maji. Saa nzima isingeona tabu.

Kinachozuia maji ni mpira mwembamba wa kuziba uliolazwa kati ya mfuniko wa nyuma na mwili wa saa. Mpira huo huzeeka, huliwa na sabuni na mafuta ya ngozi, hulainika kwa maji ya moto, na kwa hakika huharibika saa inapofunguliwa na kufungwa tena bila kubadilishwa mpira wala kujaribiwa kwenye mashine ya mgandamizo. Ninashuku kwamba hadithi ya saa yako ilianza siku betri ilipobadilishwa. Izime, usiichaji ikiwa na unyevu, ipeleke kwa mtu mwenye mashine ya kujaribia, na tangu sasa usibonyeze vitufe ukiwa majini isipokuwa maelekezo ya saa yanaruhusu.

Ramani ni jambo jingine. Mawimbi ya setilaiti hayapiti majini hata sentimita chache, hivyo saa iliyo mkononi husikia anga kwa kitambo kidogo kila mkono unapotoka, kisha huzama tena. Waogeleaji wa masafa marefu huiweka saa ndani ya kofia ya kuogelea, juu ya kichwa, au huifunga kwenye boya la rangi kali wanalolivuta nyuma yao. Utapoteza kipimo cha mapigo ya moyo, lakini utapata ramani ya kweli, na boya lina faida kubwa kuliko ramani: nahodha wa mtumbwi wa injini atakuona.

Kwa kuwa umetaja Malimbe, niongeze jambo ambalo saa haitakuonyesha. Ukingo wenye kina kifupi na majani ndiko wanakoishi konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Pima mara kwa mara. Dawa yake, prazikwanteli, inapatikana na inafanya kazi. Habari za mamba na viboko waulize wavuvi wa mwaloni wenu, na uwaamini.

Ndugu Mhariri, tuko vijana wanne wa Mwanza na tunapanga kupiga kasia kwa kayaki hadi Ukerewe, tukilala visiwani na kuondoka kila siku saa kumi alfajiri ili tulikwepe jua. Mmoja wetu ana saa yenye king'ora cha dhoruba, na inafanya kazi, kwani ililia siku tulipokuwa tunapanda mlima wa Bugando. Je, kuna kingine tunachohitaji kwa upande wa hali ya hewa?
*Wapiga kasia, Kirumba*

Vijana wangu, mnahitaji karibu kila kitu, na cha kwanza ni kubadilisha saa ya kuondoka.

King'ora hicho hutegemea kipimahewa kidogo kilichomo ndani ya saa. Suunto, kampuni ya Finland iliyoanza mwaka 1936 kwa kutengeneza dira, huweka king'ora chake kilie mgandamizo wa hewa unaposhuka kwa hektopaskali 4 au zaidi katika muda wa saa tatu, na chapa nyingine hufuata wazo lilelile. Wazo hilo lina akili mahali linapofaa. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, dhoruba nyingi huja na mifumo mikubwa ya hewa hafifu inayozunguka na kusafiri, na kabla haijafika mgandamizo huanza kushuka kwa saa nyingi.

Mwanza iko takribani nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, na huku mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuizungusha hewa ikawa mifumo ya namna hiyo. Mgandamizo wetu hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kama mtu anayepumua: huwa juu karibu na saa nne asubuhi, chini karibu na saa kumi jioni, juu tena saa nne usiku na chini tena saa kumi alfajiri, na mshuko wa mchana huweza kufika hektopaskali 3 au 4 hata siku isiyo na wingu. Dhoruba ya ziwa letu hujengwa kwa njia nyingine kabisa. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo hutoka pwani zote kuelekea katikati ya ziwa, na pepo hizo zinapokutana juu ya maji yenye joto hewa haina pa kwenda isipokuwa juu, nayo ikipanda hubeba mvuke unaogeuka kuwa wingu la radi katika muda mfupi. Wingu hilo likiwafikia, hewa baridi na nzito inayoporomoka kutoka ndani yake aghalabu huupandisha mgandamizo badala ya kuushusha. Saa yenu itakaa kimya, na pengine itaanza kulia mmekwisha kulowa.

Kuhusu siku ile ya Bugando, saa haikuona dhoruba yoyote. Kwenye mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kila mita 10 hivi unazopanda hupunguza hektopaskali moja, kwa hiyo kilima cha mita 40 kinatosha kabisa kuliamsha king'ora ambacho hakijaambiwa kwamba mwenye saa anapanda. Mkiwa majini mwinuko haubadiliki, nanyi mnapaswa kuiweka saa katika hali ya kipimahewa na si ya kipimamwinuko. Hiyo itaondoa king'ora cha uongo. Haitaleta cha kweli.

Sasa rudini kwenye ratiba yenu. Dhoruba za juu ya ziwa hukomaa usiku wa manane na kuendelea hadi asubuhi, na ndiyo maana wavuvi wa dagaa, ambao kazi yao ni ya usiku usio na mbalamwezi, hukutana nazo kuliko watu wengine wote. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likitaja makadirio ya watu 3,000 hadi 5,000 wanaopoteza maisha kila mwaka katika ziwa hili, kwa nchi zote tatu. Saa kumi alfajiri mnayoiona ya ubaridi ni saa ambayo mawingu hayo yapo kazini, na gizani hamtayaona isipokuwa kwa mmweko wa radi. Ningewashauri mwondoke kumekucha vizuri, baada ya kutazama anga pande zote, na mwe mmefika nchi kavu kabla upepo wa mchana haujayachafua maji. Jua mtalivumilia kwa kofia.

Taarifa zichukueni kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yenye rada yake hapa Mwanza inayoyaona mawingu ya mvua yanapokuwa bado mbali, na kila mtakapolala waulizeni wenyeji wa kisiwa kabla ya kusukuma mitumbwi. Vaeni majaketi okozi, si kuyafunga nyuma ya kayaki. Saa ibaki na kazi inayoiweza: kuwarudisha mlikotoka. Iwekeeni alama ya kila mwalo mnaopita, kwani ukungu ukishuka au mvua ikiziba kisiwa, mshale wa saa kuelekea alama hiyo ni msaada wa kweli. Muwe pia na dira isiyotumia betri.

Kijana wangu, mimi ni mzee wa miaka 62, mwalimu mstaafu. Wanangu wamenipa saa, nami hutembea kwa mwendo wa haraka kila alfajiri. Saa husema moyo unapiga mara 118, lakini binti yangu ambaye ni muuguzi akihesabu kwa vidole hupata 92. Nimesikia saa hizi hazisomi ngozi nyeusi. Nauliza pia kwa sababu mwezi Desemba tunapanda Kilimanjaro na wajukuu, na saa ina kipimo cha oksijeni.
*Babu wa Sengerema*

Shikamoo mzee wetu. Binti yako ndiye sahihi.

Saa huangaza mwanga wa kijani kwenye ngozi, na kwa kuwa damu huumeza mwanga huo, kiasi kinachorudi hupungua kila moyo unaposukuma damu. Tatizo ni kwamba mkono unaotembea nao huisukuma damu na kuitikisa saa, na mtu anayetembea haraka hupiga hatua kati ya 110 na 120 kwa dakika. Nadhani saa yako inahesabu hatua zako na kuziita mapigo. Ivae juu kidogo ya kifundo cha mkono, ikiwa imebana kiasi cha kutosogea. Ikishindikana, tumia mkanda wa kifuani, ambao husoma umeme wa moyo wenyewe. Unamkumbuka bila shaka Suleiman Nyambui, mwana wa Majita, alipochukua medali ya fedha ya mita 5,000 kule Moscow mwaka 1980. Mkanda wa kwanza wa namna hiyo usiotumia waya, wa kampuni ya Polar ya Finland, ulitoka miaka miwili baadaye, kwa hiyo wazee wenzako walikimbia bila kuuhitaji.

Kuhusu ngozi, mambo mawili yatenganishwe. Kwa mapigo ya moyo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 na watafiti wa Marekani ulikuta kwamba mwendo wa mkono uliharibu vipimo kuliko rangi ya ngozi. Kwa oksijeni hali ni mbaya zaidi. Mwaka huohuo, jarida la tiba la New England lilichapisha matokeo ya wagonjwa wa hospitali waliopimwa kwa kifaa cha kidoleni: kati ya vipimo vya wagonjwa weusi ambavyo kifaa kilivisoma kuwa salama, asilimia 11.7 vilikuwa na upungufu wa hatari wa oksijeni damuni, ikilinganishwa na asilimia 3.6 kwa wagonjwa weupe. Hicho kilikuwa kifaa cha hospitali, mgonjwa akiwa ametulia kitandani. Saa ya mkononi, mlimani, kwenye baridi, isipewe neno la mwisho. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, ambako mgandamizo wa hewa ni takribani nusu ya ule wa pwani. Mtu akiumwa kichwa, akatapika na kuanza kuyumba kama mlevi, anashuka, hata saa ikisema asilimia 95. Simon Mtuy, Mtanzania aliyepanda na kushuka mlima huo bila msaada chini ya saa 10 mwaka 2006, ni mtu wa mlimani tangu utotoni. Sisi wengine twende polepole.

Usiufuate pia ule mpaka wa mapigo uliowekwa na saa bila kuuliza. Hesabu ya kutoa umri kutoka 220 inakupa 158. Hesabu nyingine inayotumika, ya kutoa asilimia 70 ya umri kutoka 208, inakupa karibu 165. Na mtu mmoja mmoja huweza kuachana na zote mbili kwa mapigo 10 au zaidi. Mwone daktari kabla ya Desemba, umweleze mpango wako wote.

Saa yangu inasema nimeunguza kalori 640 kwa kutembea asubuhi. Je, naweza kuongeza chapati mbili?
*Mama wa Ilemela*

Chapati kula kwa sababu una njaa, mama, si kwa sababu saa imekuruhusu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa 7 vya mkononi. Sita kati yake vilikisia mapigo ya moyo kwa kosa la chini ya asilimia 5, lakini kwenye kalori hata kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya zaidi asilimia 93.

Nimeona saa za michezo Makoroboi kwa bei ndogo sana, zimeandikwa GPS, oksijeni, presha na kila kitu. Nitajuaje kama zinafanya kazi?
*Mnunuzi, Igoma*

Taa ya kijani inayowaka nyuma ya saa haithibitishi lolote, kwa sababu taa ni rahisi kuliko kihisi. Mwombe muuzaji uijaribu hivi: zima simu kabisa, toka nje penye anga wazi, anzisha mazoezi ya kukimbia kwenye saa na usubiri ikuambie imepata setilaiti, kisha tembea barabara unayoujua urefu wake na urudi. Saa isiyo na GPS yake haitakupa ramani wakati simu imezimwa. Itakupa umbali uliokisiwa kwa hatua tu, au haitakupa kitu. Kipimo cha presha kipuuze.

Kama unachotaka ni kupima muda wa mazoezi na fedha ni chache, saa ya kawaida ya tarakimu, kama ile Casio F-91W ya mwaka 1989 ambayo kila mtaa unaijua, ni ununuzi wa heshima kuliko saa ya uongo yenye kioo cha kupendeza. Ujue tu kwamba kihesabu muda chake huishia dakika 59 na sekunde 59 kisha huanza upya, kwa hiyo ukikimbia zaidi ya saa moja itakubidi uikumbuke hiyo saa mwenyewe, na kwamba haikutengenezwa kwa ajili ya kuogelea.